Uzinduzi wa Wodi ya Tabasamu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Maalumu ya Kuratibu Uridhikaji wa Wagonjwa, ambayo mwenyekiti wake ni mimi vilevile. Wachungaji na mapadri wetu. Wazee wetu, shikamooni. Akina mama wa kwaya. Wafanyakazi wa mashamba ya chai, mlioomba ruhusa na mliotoroka. Mabibi na mabwana, kwa salamu yetu ya Kisambaa, onga mshi! (Umati: "Onga mshi!") Itifaki imezingatiwa.

Ndugu wananchi, wakati dunia nzima inahangaika na korona, mataifa makubwa yakikosa vitanda na wagonjwa wao wakinung'unika usiku na mchana, mimi nilikaa nikatafakari, nikafanya upembuzi yakinifu, nikashirikisha wadau, nikabuni mpango mkakati wa kuweka nyuma ya pazia hili mnaloliona Wodi ya Tabasamu, yenye vitanda arobaini, mitungi ya oksijeni, na dirisha la kumtazamisha mgonjwa bonde lote mpaka Mombo. (Makofi. Vigelegele.)

Na data zinaongea! Tangu mradi uanze, katika wodi hii hajafa mgonjwa hata mmoja. (Makofi.) Hakuna aliyelala chini, hakuna aliyelalamikia uji, hakuna nesi aliyemfokea mzazi wa mtu, na sanduku la maoni tumelifungua mbele ya mashahidi tukakuta halina lawama hata chembe. Kitaalamu, huo ni uridhikaji wa asilimia mia moja! (Kicheko kutoka nyuma. Mama mmoja anasimama, barakoa kidevuni.) Naam, mama, jina kwanza, halafu swali, kwa kifupi.

("Shikamoo mheshimiwa. Naitwa Dorkasi, natoka Mgwashi. Mama yangu, Bibi Secilia, yule pale kwenye machela, tangu juzi anahema kwa shida. Tulisikia wodi inafunguliwa leo, vijana wakambeba. Tumwingize mlango upi?")

Marahaba. Swali zuri sana, linaonyesha mwamko wa wananchi. Mlango, mama, upo katika hatua za mwisho za kimchakato, na kwa mujibu wa mwongozo mgonjwa hawezi kuutangulia mkasi, kwa sababu utepe haujakatwa, na kuingia kabla ya utepe ni kuvunja itifaki.

("Mheshimiwa, pumzi haina itifaki!" Makofi makubwa kuliko yote ya leo.)

Nawashukuru kwa makofi hayo, nayapokea kwa unyenyekevu. Na kwa kuwa muda si rafiki, nihitimishe kwa shukrani. Niwashukuru akina mama wa kwaya kwa kutuazima pazia hili, ambalo Jumapili linahitajika kanisani. Nimshukuru Mzee Zabron kwa kuturuhusu kulitundika mbele ya shamba lake la viazi, shamba ambalo tumekubaliana litaendelea kuwa la viazi, ikizingatiwa kwamba mchoro wa wodi haujachorwa, wala mchoraji hajatafutwa, wala kikao cha kumtafuta hakijaitishwa. (Miguno.) Na kwa namna ya pekee nimshukuru dereva wangu, Heri, aliyenipandisha huku salama, na ambaye… Heri! Heri, mbona unawasha gari?

(Gari linageuka. Bibi Secilia amelazwa kiti cha nyuma, Dorkasi amempakata kichwa. Heri anachungulia dirishani: "Nampeleka bibi hospitali, mheshimiwa! Huyu ni mama yangu kama alivyo mama wa Dorkasi!" Bibi anainua mkono kwa shida: "Asante, mwanangu! Nimeridhika!")

Mmesikia? Mmesikia kwa masikio yenu! Mgonjwa wa kwanza kabisa, na ameridhika bila kushurutishwa! Katibu, andika! (Umati unashangilia, watu wanalipungia gari mpaka linapotea kwenye kona.) Basi tuseme wote: Wodi ya Tabasamu! (Umati: "Viazi!") Vitanda arobaini! ("Viazi!") Kamati oyee! ("Viaziii!")

Asanteni sana kwa usikivu wenu. Na mwenye bodaboda, tafadhali, asiondoke bila mimi.