Samli kwa Diski ya Boru

Jumatatu, 3 Novemba

Mwalimu wa gumbaru, darasa letu la watu wazima, alisema tuandike kila siku, mkono usisahau. Basi naandika. Boru wangu anasafiri Jumanne ijayo. Uarabuni, kazi ya ghala, miaka miwili. Miaka miwili! Mtoto ambaye hajalala mbali kupita Chewele.

Issack aliyetangulia huko anasema simu zao hushikwa na msimamizi mpaka Ijumaa. Lakini bwenini kuna televisheni, na chini yake mashine ya blurei iliyoachwa na mtu wa zamani. Tundu la flashi limevunjika. Inakula diski tu. Basi Boru atabeba diski. Saa mbili za nyumbani: bibi yake akimwombea dua, baba yake akiita ng'ombe, mimi nikikama, na Diima, ng'ombe mwekundu aliyepewa siku aliyozaliwa. Simu imepiga picha safi. Kupe aliye sikioni mwa Diima utamhesabu miguu.

Fundi ni mume wa Nasteha, binti yangu. Jina siandiki. Ni mkwe, simtaji wala hatuonani uso kwa uso, ndivyo tulivyolelewa. Ana duka la video Garsen, na mashine ya kuandika blurei ni hiyo yake moja. Kijana mpole. Upole si ufundi.

Boru alinunua diski tano Mombasa, akarudi siku hiyo hiyo. Mkwe ametuma neno zikae dukani. Dukani, ambako paka hulala juu ya kompyuta? Zimekaa kwa sanduku langu. Nitampa Nasteha moja moja. Ya kwanza nimeipaka samli, kidogo, kwa kidole gumba, mbele na nyuma. Kitu cha safari hupakwa samli. Boru mwenyewe atapakwa.

Jumanne, 4 Novemba

Imekufa. Nasteha anasema ilifika sabini na moja kwa mia, mashine ikanguruma, ikaandika maneno mekundu. Mkwe anasema labda alikimbiza sana, kesho ataandika polepole.

Polepole! Kama ni hilo mbona hakuanza nalo? Mtu akienda kukama haanzi kwa kuvuta chuchu kama kengele.

Jirani yangu Kadii alipita na karai lake la viazi. Akauliza diski imefika wapi. Nikasema iko karibu. Akasema mtoto wake Randu, mwenye kibanda cha simu pale kwa petroli, angemaliza kabla ya chai kupoa. Randu huyo huyo aliyeniuzia simu ikiwa haina sauti.

Jumatano, 5 Novemba

Diski ya pili. Nilizidisha samli maana ya jana haikutosha. Imefika kumi na mbili kwa mia. Kumi na mbili! Amekwenda polepole kweli.

Nikapanda boda mpaka Garsen. Nikakaa nje ya duka, nyuma ya ukuta wa mabati, shela mpaka puani, natazama barabara. Yeye ndani anatazama mashine. Nasteha mlangoni kati yetu, anabeba maneno hatua tatu huku, hatua tatu kule. Tunasikiana vizuri sana. Lakini heshima ni heshima.

Nasteha akasema mumewe anahisi kompyuta ilisinzia katikati ya kazi, ataizuia isisinzie. Nikamwambia amwambie hata mchungaji akisinzia, fisi hali udhuru.

Kisha nikasikia ndani, "Mwulize mama, kwa heshima yake, diski hukaa wapi."

"Mwambie kwa sanduku. Pasafi kuliko huku."

Ndani tena, "Mwulize mama, kwa heshima yake, kabla ya kuja huku, kuna kitu chochote huzigusa?"

"Mwambie mikono ya mama yake Boru."

Akakohoa. Mwishowe akasema basi, labda ni umeme. Nasteha alikuwa ameuma ncha ya shela, mabega yanatetemeka. Sijui anacheka nini. Kaka yake anaondoka.

Ijumaa, 7 Novemba

Jana sikuandika. Nilikuwa na hasira.

Ya tatu haikufika hata moja kwa mia. Mashine iliimeza, ikaitema. Mkwe akakaa kutwa nzima ameifungua, pamba na spiriti, anafuta kijicho chake cha ndani. Video ya harusi ya watu wa Kau inangoja, yeye anafuta. Nasteha anasema pamba ilitoka ya njano. Unaona? Uchafu wa duka. Nilisema.

Mimi naona kuna jicho baya. Naye mwenye jicho hilo anauza viazi.

Leo Kadii amekuja kuomba chumvi. Diski ya nne ilikuwa juu ya mkeka, tayari. Akaishika bila kuulizwa. Akaiangalia kwa jua, akanusa vidole vyake.

Akaniambia, "Mama Boru, hii unamwandikia mtoto au unamkaangia?"

Nikamwambia samli ni baraka. Akasema baraka anaijua, kwao pia wanabariki, lakini mtu habariki kioo kwa mafuta halafu akauliza kwa nini hajioni. Akasema hicho kijicho cha mashine hakioni kupitia mafuta, ndiyo maana.

Wivu. Ameona nina mkwe mwenye duka, yeye ana Randu. Chumvi nimempa nusu.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimefikiri sana. Mkwe ameshindwa. Nikapata akili: nimpe Randu diski ya nne kisiri, akifaulu nitamshukuru kwa mbali, Kadii asijue. Nasteha nilimwambia naenda kununua sabuni.

Randu akaiingiza kwa mashine yake. Ikazunguka, ikasema haijui. Akacheka. Kumbe yake ni ya zile diski za zamani, za blurei haisomi, wala mzigo wangu haungeingia kwa ile ndogo. Ni kama kumimina maziwa ya ng'ombe thelathini kwa kibuyu cha mtoto mchanga. Na tangu Jumanne mama yake anajigamba!

Halafu akaifuta kwa shati, shati likang'aa, akauliza, "Mama, hii ilikuwa kwa wali?"

Nikaichukua nikaondoka. Nilipofika nyumbani Kadii alikuwa amekaa kwenye kigoda changu. Alikuwa anajua mpaka rangi ya shela niliyovaa. Nikaipaka tena, nikampa Nasteha apeleke kwa mumewe. Jioni imerudi. Imekataa. Imebaki moja.

Boru alikuwa nyuma ya nyumba na simu. Nikamsikia anamwita Diima, kile kilio cha kumwitia maji, kidogokidogo, kama mtu anayejaribu kiatu. Nikasimama hapo, nikajifanya natafuta kuku.

Akaniona. Akaniambia, "Mama, hata isipoandikika, mimi nimeshaona."

Ameona leo. Na mwezi wa sita huko, akiwa peke yake, atakuwa ameona nini? Bibi yake hana miaka miwili. Sote tunajua, hakuna anayesema.

Jumapili, 9 Novemba

Nimerudi kutoka kukama, sanduku liko wazi. Diski ya mwisho haipo. Nasteha ameichukua, haina hata tone la samli. Binti yangu! Mwizi!

Alasiri kaja kunichukua, niende nione. Nikakaa nyuma ya pazia la duka, mkwe akatoka nje kwa mlango wa pili. Nasteha akaiweka kwa mashine ya kuonyeshea.

Bibi alikohoa kwanza, kama yuko chumbani. Kisha dua yake yote, hata pale alipomsahau Boru jina akamwita kwa jina la babu. Mume wangu Jilo anaita ng'ombe, vumbi linapanda. Diima akageuza kichwa. Kupe yupo, na miguu yake yote.

Nililia kidogo. Shela ilikuwepo.

Lakini nikamwambia Nasteha diski kavu haisafiri. Kitu kikavu huvunjika. Nikataka nipewe niipake. Akasema ngoja amwulize mumewe. Nje nikasikia wananong'ona muda mrefu.

Jumatatu, 10 Novemba

Mkwe amepata akili! Nasteha ameleta diski kwa kifuko cha karatasi. Mumewe amesema, kwa heshima zote, mama aipake atakavyo, hata kwa kiganja kizima. Ndiyo kazi ya mama.

Wiki nzima kumbe nilikuwa namfundisha, na amejifunza. Nimeipaka kwa kiganja kizima. Nikaiweka mwenyewe ndani ya begi la Boru, juu ya shati jeupe.

Jumanne, 11 Novemba

Basi lilimchukua hapa Minjila asubuhi. Nilimpaka paji la uso. Hakufuta. Kadii alileta viazi vya njiani, amefunga kwa gazeti, amelia kuliko mimi. Nimemrudishia ile nusu ya chumvi.

Jumamosi, 15 Novemba

Jana Ijumaa Boru alipiga. Anakula. Amepata blanketi. Jana hiyo hiyo bweni zima limemtazama Diima, na kijana mmoja wa Hola aliomba pale pa kuita ng'ombe parudishwe mara tatu.

Ila ameniambia jambo. Begini diski zilikuwa mbili. Ya juu, niliyoipaka, ni moja ya zile zilizoharibika, haina kitu, mashine imeikataa. Ya pili ilikuwa chini, ndani ya soksi, kavu, na kikaratasi chenye mwandiko wa mkwe. Hiyo ndiyo iliyoonyesha. Boru alicheka sana. Nasteha pia, nilipomwuliza.

Waacheni wacheke. Mimi nimekaa nikafikiri, na iko wazi kama maji ya kisima. Ya juu ilikuwa na samli kiganja kizima. Ya chini imelala chini yake siku mbili, njia yote, mpaka ng'ambo. Baraka imeshuka. Ndiyo maana imefanya kazi.

Mkwe hajui ni nini kilichomwokoa. Maskini. Harusi ya Kau anaiandika kesho, na Nasteha anasema ana wasiwasi kama mashine imepona. Sasa nimeelewa kosa langu. Kupaka diski moja moja ni kupoteza samli.

Nimeyeyusha kibuyu kizima. Ufunguo wa duka Nasteha huutundika nyuma ya mlango wa nyumba yake. Kesho, kabla hawajafungua, nitaipaka mashine yenyewe. Ndani, kwenye kijicho.