Mjomba Aliyeolewa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka na azma ya kuandika maneno elfu moja kabla ya chai. Nimeandika kumi na moja. Nimefuta tisa. Yaliyobaki ni "Shangazi alikohoa". Mazuri, lakini ni mawili.

Saa nne mhariri akapiga simu. Mama yule hana salamu ndefu. Alisema orodha ya vitabu vya mwaka huu imebakiza nafasi moja tu, na wanaoigombea ni wawili: mimi na Bwana Saba. Bwana Saba anakaa mtaa wa nyuma. Tunamwita hivyo kwa sababu ameshachapisha vitabu saba. Cha nane kinahusu kunguni na namna ya kuwatoa kitandani. Mimi nina kimoja, cha miaka tisa iliyopita, na nakala yangu ya mwisho ndiyo inayozuia dirisha lisijifunge.

Mhariri akauliza riwaya yangu imefika wapi. Nikasema imekwisha, imebaki kupigwa pasi tu. Akasema vizuri, basi Jumatatu ijayo iwe mezani kwake, la sivyo kunguni wanapita.

Riwaya ina sura kumi na tano. Niko ya kumi na moja, na nimekaa humo tangu mwaka juzi. Siku saba! Nimechonga penseli zote. Situmii penseli.

Jumanne, 4 Machi

Nimemkuta Bwana Saba dukani kwa mtoa nakala, anatoa nakala za kunguni wake. Amenona. Akanieleza, bila mimi kumwuliza, kwamba yeye huandika maneno elfu mbili kila asubuhi. Nikamwuliza siri yake. Akasema hukaa kitini, akaandika. Basi! Eti hiyo ndiyo siri. Watu wengine wachoyo sana.

Nimerudi nyumbani na hasira. Nimekaa kitini.

Alhamisi, 6 Machi

Sura mbili na nusu! Sijui zimetoka wapi. Jana sikusikia hata nilipoitwa kula. Sentensi moja inavuta nyingine, mkono unakimbia, na mtu anasahau kwamba ana miaka arobaini na mbili na anaishi chumba cha nyuma kwa shangazi yake. Kwa saa kama hizi ningeifanya kazi hii hata kama hakuna msomaji mmoja duniani. Ingawa akiwepo mmoja si vibaya.

Kinachoniendesha ni Shangazi. Si shangazi yangu, yule wa riwayani: mama wa shoka anayempora mtoto yatima hati ya shamba. Anaongea na pini za kushonea mdomoni. Anahesabu vijiko wageni wakishaondoka. Kila akitaka kudanganya anakohoa kwanza. Naogopa mwenyewe nikimwandika.

Sasa, saa tisa mlango ukafunguliwa. Shangazi yangu, yule wa kweli. Fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho kiwanda chake. Alikuwa na pini mdomoni. Akasema, bila kuzitoa, kwamba yeye na mafundi wenzake wamekubaliana: kitabu kikitoka watakisoma kwa sauti pale kiwandani, sura moja kila siku, na msomaji atakuwa yeye. Kisha akauliza vijiko viwili vimekwenda wapi.

Nimekwisha.

Jumapili, 9 Machi

Nimemaliza sura ya kumi na tano saa tatu asubuhi. Nilitakiwa kufurahi. Badala yake nimekaa nikitazama ukuta, maana mwanamke huyu amenipa chumba na dirisha kwa miaka tisa na hajawahi kuniuliza nitahama lini. Na mimi nimemlipa kwa kumwandika kurasa mia tatu za ubaya.

Saa tano, akili ikanijia. Niliruka kutoka kitini! Lugha yetu ina baraka moja: haijali mwanamume wala mwanamke. Alisema, akacheka, yeye, wake, naye. Vyote vinamfaa yeyote. Basi Shangazi awe Mjomba! Na mjomba ni salama kabisa, kwa sababu mama yangu alizaliwa peke yake. Sina mjomba duniani. Nani atakasirika?

Kompyuta ina kile kibonyezo cha kutafuta neno na kuweka jingine mahali pake. Nimebonyeza mara moja. Mahali mia sita na kumi na mbili! Kazi ya mwezi mzima, imekwisha kabla sijafunga mdomo. Sikuona haja ya kusoma tena. Mtu aliyeandika kitabu anajua kilichomo.

Nimetuma. Siku moja kabla ya muda! Bwana Saba akasome.

Jumatano, 12 Machi

Mhariri amepiga simu. Alikuwa hawezi kuongea. Nikadhani analia, na ilikuwa halali yake, riwaya yangu ni ya majonzi. Kumbe anacheka. Akasema amevunjika mbavu, hata mhasibu ametoka ofisini kwake kuja kuuliza kuna nini.

Akanisomea. Ukurasa wa nne: "Mjomba aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, akiwa bado mwembamba na mwenye haya." Ukurasa wa sitini: "Mjomba, mjamzito wa miezi saba, alipanda ngazi akiishikilia hati ya shamba." Ukurasa wa mia na kumi: "Mume wa Mjomba hakuwahi kujua." Hapo akasema hata yeye angekuwa mume huyo angependa kujulishwa mapema.

Akauliza kama nimekusudia. Nikasema ndiyo, ni mbinu. Akauliza mbinu gani. Nikasema mpya. Akaniuliza, sasa kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, kama nimeusoma mswada wangu. Nikasema bila shaka. Akauliza, wote? Nikaanza kukohoa.

Amenipa wiki moja. Jumatano ijayo, mswada uliosomwa na mtu mwenye macho. Ukichelewa siku moja, kunguni.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Nilitoa nakala nzima ya mswada nianze kusahihisha kwa kalamu. Nikatoka kidogo kunywa chai ili nijikusanye. Nikajikusanya kwa saa mbili. Kurudi, meza tupu.

Cherehani za chumba cha mbele zilikuwa kimya. Hazijawahi kuwa kimya Ijumaa. Nikaanza kukunja nguo zangu kabisa, nikijiuliza mwanamume wa umri wangu anaanzia wapi na begi moja na dirisha hana.

Shangazi akaingia na karatasi kifuani. Akakaa kitandani. Akauliza huyu mjomba anayeongea na pini mdomoni ni nani. Nikasema ni mtu wa kubuni. Akauliza huyu anayehesabu vijiko. Nikasema na huyo pia. Nikangoja nifukuzwe.

Akaniuliza, mwanangu, kwa nini umenitoa?

Sikuelewa. Akasema miaka tisa amekuwa akiwaambia wenzake kwamba iko siku ataingia kitabuni. Kila mteja anayemwuliza yule wa chumba cha nyuma anafanya kazi gani, humjibu: "Ananiandika mimi." Leo amejikuta, ukurasa baada ya ukurasa, na juu yake wamemwekea mwanamume mwenye mimba. Macho yake yalikuwa na maji. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na hii si ya kuandikia mzaha.

Nikamwambia ukweli: Shangazi wa kitabuni ni mbaya. Akasema ameona, hajapofuka. Mbaya, lakini humo ndani hakuna anayemweza! Kwani nilidhani yeye anajiona malaika? Ila vijiko si saba, ni kumi na viwili, na nirekebishe. Kisha akaamrisha nimrudishe kitabuni, na nguo zangu nizirudishe kabatini.

Jumatatu, 17 Machi

Tangu Jumamosi tunafanya kazi chumba cha mbele. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anashona. Kile kibonyezo amekipiga marufuku, basi kila "Mjomba" nalikata kwa kalamu, naandika "Shangazi" juu yake. Kidole kimevimba. Ukisoma mbele ya mtu anayejua uzi ulipokatika, hakuna pa kujificha. Cherehani ikisimama, najua sentensi ni mbovu. Asubuhi ya leo imesimama mara kumi na tisa.

Sura ya kumi na nne ndiyo nilikuwa najivunia. Yatima amekimbia, Shangazi anabaki peke yake, anaanguka sakafuni, anapiga mayowe, anaomba radhi mbingu na ardhi. Kurasa tatu za machozi. Nilizisoma kwa hisia.

Cherehani ikasimama. Akasema, huyo hawezi kulia hivyo. Huyo asiseme kitu. Mtoto ameacha shati, alikunje. Halafu alikunjue, alikunje tena. Nikamwuliza kajuaje. Akasema nilipoondoka hapa kwake nikiwa na miaka ishirini niliacha shati moja, lile la kola iliyochanika, na alilikunja siku nzima. Akarudi kwenye mshono wake.

Sikujua. Miaka yote hii sikujua. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kalamu. Niliporudi nikafuta kurasa tatu na kuandika mistari minne. Ndiyo mistari bora ya kitabu kizima, na si yangu. Nampenda sana shangazi yangu. Nina wivu pia, nisiseme uongo.

Alhamisi, 20 Machi

Jana nilipeleka mswada kwa mkono wangu mwenyewe. Leo mhariri amepiga simu. AMEKUBALI! Nafasi ni yangu! Alisema sura ya kumi na nne ilimfanya aweke kalamu chini na kutazama dirishani. Akauliza wazo la shati nimelitoa wapi. Nikasema mwandishi huzama ndani ya nafsi yake.

Nilikusudia kumtaja Shangazi. Simu ilikuwa na mikwaruzo.

Nimempelekea Shangazi habari. Akapiga vigelegele, mafundi wote wakadakia, nikabebwa juu kwa sekunde mbili hivi. Furaha tupu. Bwana Saba nimempungia mkono kwa mbali, kistaarabu, mara tatu.

Ijumaa, 21 Machi

Mhariri amepiga tena. Kitabu kizuri, anasema, ila sura ya pili na ya sita ziondoke. Ziondoke! Zile ndizo roho yangu! Nikabisha kwa dakika arobaini. Akanisikiliza kwa subira, kisha akauliza ziondoke leo au kesho. Mwanamke huyu hana moyo, ana wembe.

Nimeziondoa. Nimechukia. Na nilipokaa nikichukia, nikahisi ule mvuto mkononi.

Jumanne, 25 Machi

Riwaya mpya! Sura nne kwa siku nne! Bwana Saba atafute kazi nyingine. Inamhusu mwandishi mpole, mwenye kipaji, anayeteswa na mhariri mmoja katili asiye na salamu ndefu. Mhariri kwenye kila ukurasa. Nahisi hii itanifikisha mbali.

Tatizo ni moja tu, nalo dogo. Atakayeipokea ni mhariri.

Nimefikiri sana, maana sitaki kurudia makosa ya watu wazembe. Safari hii nimechagua kwa makini neno la kuweka mahali pake. Mhariri anakata. Nani mwingine anakata? Kinyozi! Nimebonyeza. Mahali themanini na tatu. Nimechungulia mstari mmoja ili nijiridhishe: "Kinyozi alinikata sura mbili kwa kalamu nyekundu, akaniambia sasa napendeza kusomwa." Hauna kasoro. Nimetuma.

Shangazi amechungulia mlangoni akauliza kama nimesoma zote nne kabla ya kutuma. Nikakohoa, nikamwambia ndiyo.