Majina Mapya ya Mawingu Matatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Naapa kuandika yote. Hata ya aibu. Mwalimu wa Kiswahili anasema shajara isiyosema kweli ni insha tu, na insha nimeshaandika za kutosha.

Habari kubwa: Ijumaa anakuja Mhandisi! Alisoma hapa hapa, akakalia madawati haya haya. Sasa kazi yake ni kupanga kompyuta za watu zilizoko mawinguni. Atachagua msichana mmoja wa klabu yetu ya kompyuta akafanye naye kazi likizo nzima. Mmoja tu. Niliposikia hivyo nikatazama nje ya dirisha, nikajiona ofisini kwake. Kiti cha kuzunguka. Pazia linapepea polepole. Simu inalia, nami nasema, subiri kidogo. Mwalimu wa Kompyuta alikuwa ameniita mara tatu.

Nieleze vizuri. Masomo yetu yaliyorekodiwa, miaka miwili ya sauti za walimu, hayakai shuleni. Yanakaa kwenye mawingu, yaani kompyuta za kukodi zilizoko mbali. Tunayo matatu, ya kampuni tatu, kwa sababu kila kampuni ilitupa nafasi kidogo ya bure na Mwalimu hajui kukataa cha bure. Hatuyagusi kwa mkono. Tunaandika kwenye faili kile tunachotaka kiwepo, mashine inasoma faili, inakwenda kujenga yenyewe. Kama kuota kitu, ukiamka unakikuta mezani.

Lakini faili zenyewe! Zimerundikwa kwenye folda moja kama nguo chafu. Vitu vinaitwa seva_mpya, seva_mpya_2, seva_mpya_kweli_kweli. Mwalimu amesema kila mmoja atengeneze kitu kimoja kabla ya Ijumaa. Msumari amechagua wingu la tatu. (Tunamwita Msumari kwa sababu anakaa wima, na akishaingia mahali hatoki.) Anasema ataongeza mistari michache ya ulinzi. Mistari michache! Mimi nikainua mkono nikasema nitapanga yote matatu, nitayapa na majina mapya. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alifumba macho, akasema sawa, ila sheria ni ile ile: kabla ya kuiambia mashine ndiyo, mpango wake usomwe kwa sauti mbele ya mtu wa pili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamka na majina. Yalikuja yenyewe, kabla sijatoa mguu kitandani. Wingu la kwanza: ukungu, manyunyu, rasharasha. La pili: asumini, yungiyungi, waridi. La tatu: mapambazuko, machweo, utusitusi. Kila wingu na folda yake. Hesabu sasa ni manyunyu. Historia ni machweo, na nani atabisha?

Msumari alibisha. Alichungulia begani kwangu, akauliza mtu mwenye haraka atajuaje kwamba manyunyu ni hesabu. Nikamwambia atahisi. "Haya, dada wa hisia," akasema, akarudi kwenye mistari yake. Wivu mtupu.

Nyumbani nimefanya utafiti. Mama ni fundi wa kushona, ana makopo ya vifungo ukuta mzima. Nikamuuliza: ukitoa kifungo kwenye kopo la zamani ukakitia kwenye kopo jipya lenye jina zuri, kinakuwaje? Mama, pini mdomoni, akasema kinakuwa kifungo. Basi! Nikaenda zangu kwa furaha. Nikiwa mlangoni akazitoa pini, akauliza nimegusa vifungo gani. Nikasema nauliza tu.

Jioni nzima karatasi za Mama za kukatia nguo zilikuwa zikiinuka na kushuka kwa upepo wa dirishani. Nikazitazama. Nikafikiri, hivi ndivyo kompyuta zetu zinavyopumua huko ziliko.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kazi imekamilika! Mashine imesoma faili zangu, ikatoa mpango wake: orodha ya yote itakayofanya nikikubali. Kwenye skrini ulikuwa wa rangi rangi. Sikuutazama sana maana Msumari alikuwa nyuma yangu akitafuna kalamu. Nikauchapa haraka. Printa ya shule ina wino mweusi tu. Kurasa nne.

Sasa ile sheria ya mtu wa pili. Klabuni mtu wa pili angekuwa Msumari. Akijua majina yote mapema atasema amesaidia, na Mhandisi atamchagua yeye. Haiwezekani. Kwa hiyo nimemsomea Bibi.

Bibi alikuwa dirishani, jua miguuni. Nikasoma pole pole, kwa matamshi mazuri. Mpango umeandikwa kwa unadhifu sana. Majina yangu yote yametiwa alama ya kujumlisha. Majina ya zamani yametiwa kistari, kama tunavyopanga hoja kwenye insha. Nikaruka vistari, maana orodha ya vitu vya zamani inachosha. Nikasoma vya kujumlisha tu. Bibi aliposikia mapambazuko akasema, "Hilo zuri." Kisha akauliza, na hivyo vya zamani vinakwenda wapi, mjukuu wangu? Nikamwambia haviendi popote, Bibi, ni vile vile vimebadilishiwa kopo. Mama amesema. Akajibu, kama mama yako amesema, haya.

Ukurasa wa pili akafumba macho. Wa tatu akaanza kukoroma, kwa sauti ndogo ya kupendeza. Nikamaliza wa nne. Sheria inataka mtu wa pili. Haisemi awe macho.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Niliapa yote, basi yote.

Mapumziko ya asubuhi. Chumba cha kompyuta kitupu, vumbi la chaki likielea kwenye mwanga. Mashine ikauliza: una hakika? Andika ndiyo. Nikaandika. Mistari ikaanza kuteremka kwenye skrini kama mvua kwenye kioo. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nikaegemeza kidevu mkononi. Nikawa tena ofisini kwa Mhandisi, safari hii ananiuliza mimi ushauri.

Kisha mvua ikakatika. Wingu la kwanza: vimefutwa vitatu, vimeongezwa vitatu. La pili: vimefutwa vitatu, vimeongezwa vitatu. La tatu: imekataliwa.

Vimefutwa?

Nikafungua manyunyu. Nzuri. Safi. Tupu. Kama chumba cha mgeni ambaye hajafika. Nikafungua asumini, nayo vile vile. Nikafungua zote, na kila moja nikaifungua mara mbili.

Nilimfuata Mwalimu. Alikuwa anakula ndizi. Hakuimaliza.

Alinieleza baadaye, akiwa amekaa sakafuni na suruali yake nyeupe. Mashine haijui kwamba jina ni jina tu. Ina daftari lake la vitu ilivyojenga. Majina ya zamani yalipotoweka kwenye faili, ikaelewa kwamba vile vitu hatuvitaki tena, ikavifuta. Ilipoona majina mapya, ikajenga vitu vipya, bila kitu ndani. Kile kistari ni alama ya kutoa. Kwenye skrini ni chekundu. Ukitaka kubadilisha jina unaandika kwanza kwamba kile cha zamani ndicho hiki kipya. Mstari mmoja kwa kila kitu. Mstari mmoja!

Nikauliza kwa sauti ndogo, na nakala? Akasema nakala za wingu la kwanza zilikuwa kwenye la pili, na za la pili zilikuwa kwenye la kwanza.

Wingu la tatu ndilo lililobaki. Lina nakala za masomo yote hadi wiki iliyopita. Halikufutwa kwa sababu Jumatatu Msumari aliandika pale mistari yake michache: visifutwe kamwe, hata faili ikisema.

Msumari aliingia akasoma skrini kuanzia juu hadi chini. Nikangoja acheke. Hakucheka. "Pole," akasema. "Ila mapambazuko ni jina zuri kweli." Na alimaanisha! Sijawahi kumchukia hivyo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mhandisi amekuja. Nilimtarajia mrefu. Ni mfupi, raba zake zina vumbi, na anacheka kwa pua.

Nilikuwa na mpango wa kujificha ndani ya kabati siku nzima. Kabati likafunguliwa kutolewa chaki. Mhandisi akauliza nani alisema ndiyo. Nikasimama. Akauliza mtu wa pili alikuwa nani. Nikasema Bibi.

Darasa lilipasuka. Mtu mmoja wa nyuma akapiga dawati. Mhandisi hakucheka bado. Akauliza, je, Bibi aliuliza chochote? Nikasema ndiyo, aliuliza vya zamani vinakwenda wapi. Hapo akacheka, kwa pua, muda mrefu, akapangusa macho. Akasema kuliko chumba kizima, anayestahili ile nafasi ni Bibi, tatizo ni usingizi.

Kisha akatuambia kwamba mwaka wake wa kwanza kazini alifuta duka zima la viatu la mtandaoni, asubuhi ya mauzo makubwa, akajifungia chooni akalia hadi bosi wake akamletea chai kupitia chini ya mlango. Mwalimu akauliza kikombe kilipitaje. Akasema ilikuwa sahani.

Amemchagua Msumari.

Nilijua. Nilijua tangu jana. Hata hivyo lilipotajwa jina lake nilitazama dirishani, na ile ofisi ikaja, na kwenye kiti cha kuzunguka amekaa Msumari, wima.

Kabla ya kuondoka Mhandisi alinijia. Akasema nina jicho la mpangilio, lakini nasoma ninachotaka kusoma. Akaniandikia anwani yake ya barua pepe kwenye kipande cha karatasi. Siku nyingine nikiwa na swali, nimuulize kabla ya kusema ndiyo, siyo baada.

Bibi nilipompa salamu za Mhandisi akauliza mshahara kiasi gani.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Siku mbili nimekaa na maneno ya Mhandisi. Nimeyageuza kila upande. Nimelala chali nikitazama dari, mpaka Mama akauliza kama ninaumwa.

Na nimeelewa! Si majina. Si vistari. Chanzo cha yote ni lile swali la mashine. Una hakika? Mtu akiulizwa hivyo moyo unapiga, macho yanaruka mistari, mkono unakimbilia ndiyo ili yaishe. Pasipo swali pasingekuwa na haraka. Pasipo haraka pasingekuwa na kosa. Kesho Mwalimu ananirudishia nywila aliyoninyang'anya Alhamisi, tusaidiane kurejesha masomo, chini ya uangalizi wa Msumari. Nikiwaonyesha jambo hili, Mhandisi lazima atahitaji wasichana wawili.

Nimemwandikia kama alivyoniagiza, kabla na siyo baada. Nanakili hapa:

Mpendwa Mhandisi, shikamoo. Nimeyashika uliyosema. Nimeandika programu ndogo, mistari tisa, inayoijibu mashine ndiyo yenyewe kila inapouliza, usiku na mchana, ili mwanadamu asisumbuliwe. Nimemsomea Bibi mistari yote, na safari hii alikuwa macho hadi mwisho. Chumba cha kompyuta kinafunguliwa kesho saa mbili asubuhi, na Msumari huwa anachelewa Jumatatu, kwa hiyo naomba jibu mara upatapo barua hii: je, niiwashe kwa wingu la tatu peke yake kwanza, au kwa yote matatu kwa mkupuo mmoja?