Kuhusu Kucheleweshewa Misonobari Mbele ya Nyumba Yetu

Druminalass,
Kaunti ya Leitrim.
Jumatatu, 14 Julai

Kwako Bwana Mkaguzi wa Misitu,

Natumaini u mzima na nyumba yako ina furaha, ingawa haiwezi kufikia yangu. Niliolewa wiki tano zilizopita na Fergal McGourty, na kama umewahi kumwona Fergal akitoka zizini na ndama begani, utanisamehe mwandiko huu unaocheza.

Kibali chenu cha kupanda misonobari katika shamba letu la mbele, la majani ya ng'ombe, ekari tisa, la mwisho tulilobakiwa nalo, kimefika baada ya miezi kumi na sita. Fomu inataka sahihi mbili, ya Fergal na yangu, ifikapo Ijumaa. Lakini nimesoma kwamba miche itapandwa majira ya kuchipua mwakani, nayo itakuwa na urefu wa kijiko cha kupikia. Bwana Mkaguzi, mwakani sitakuwa tena bibi harusi. Ndiyo maana naleta malalamiko yafuatayo kwa heshima.

1. Pande tatu za nyumba yetu ni misonobari tayari. Nyuma ni shamba la akina Gilrane waliohamia Sligo, na kushoto na kulia ni mashamba ya akina Mulvey, ambao nusu yao wako Australia. Ni kama kitanda chenye mapazia pande tatu tu. Kupitia upande wa nne, ule wa mbele, anatuona Packie Loughlin, kapera wa miaka sabini na saba, jirani pekee aliyebaki. Akiona moshi wetu anajua chai imeiva. Huja, hukaa muda wa saa mbili, na daima huingia wakati Fergal ndiyo kwanza amenishika mkono.

2. Mama mkwe wangu anasema wakati wa baridi miti hiyo hutulazimisha kuwasha taa saa nane mchana. Nimefurahi sana, maana hakuna chakula kitamu kama cha kuliwa na taa. Lakini upande wa mbele jua bado linaingia kama mtoza ushuru, na adhuhuri naliona vumbi lote juu ya kabati la vyombo. Maharusi hawakuumbwa waone vumbi.

3. Chini ya misonobari hakuoti kitu, wala ua wala uyoga wa maana. Ardhi imefunikwa majani yake makavu kama sindano za kahawia, na mitaro inatoa maji meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Samaki aina ya trauti wa kijito cha nyuma wamekwisha wote. Nawashukuru kwa dhati, kwa sababu enzi za ukapera Fergal alikuwa akipotea kila Jumamosi na ndoano yake, na sasa hana pa kupotelea. Hata hivyo nasikitika kuarifu kwamba chemchemi ya shamba la mbele bado ni safi, na wiki iliyopita nilimkuta ameinama hapo akiwatazama samaki wawili kwa jicho ambalo nilidhani ni langu peke yangu. Tafadhali shughulikieni.

4. Tuna ng'ombe kumi na mmoja, na ng'ombe hajali ndoa changa. Huzaa alfajiri, hulia, hutoroka. Msonobari hauzai. Baada ya miaka thelathini na mitano atakuja mtu mmoja na mashine moja kutoka kaunti nyingine, ataikata yote kwa siku nne na kuondoka bila hata kuomba maji. Katikati hapo Fergal hatakuwa na kazi yoyote. Nilimweleza mama mkwe kwamba atakuwa akinipenda kutwa nzima. Yeye alikuwa akimenya viazi, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Sawa, mwanangu, hiyo ni Jumatatu. Na Jumanne atafanya nini?"

Sikuona swali hilo lilihusu nini.

5. Sheria yenu inasema ardhi ikishapandwa msitu hairudi tena kuwa malisho. Ukikata, upande tena, wewe na watoto wako na wajukuu wao. Nililia niliposoma. Padre wetu alituunganisha mpaka kifo tu, akaishia hapo. Naomba ofisi yako itugongee muhuri huohuo kwenye cheti cha ndoa.

6. Kwa kuwa mkishapanda kwetu hapatakuwa na sababu ya kusita, naomba mwendelee kupanda hata barabarani, kwa maana anayeitumia barabara ni Packie pekee. Pandeni na uwanja wa mpira, kwani timu, ambayo kwa mpira wa huku ni watu kumi na watano, haijatimia tangu akina Mulvey waondoke, na shule pia, yenye watoto saba ambao wanaweza kukaa kwenye gari moja. Makaburi yaacheni. Ndipo mahali pekee parokiani ambapo wakazi wanaongezeka.

Ni mimi niliye na haraka na mapenzi,
Assumpta McGourty (zamani Keogan, wa mjini Longford)

Nisalimie mkeo, makarani wako wote, na yule mtaalamu aliyetumwa kuhesabu ndege. Kiatu chake cha mpira tumekitoa kwenye tope, kimekauka, aje akichukue.

N.B. Leo ni Alhamisi. Sanduku la barua la hapa kanisani liliondolewa, ndiyo maana barua haijatoka.

Jumatatu ileile redio ilitabiri siku tatu za jua. Fergal akafyeka majani ya shamba la mbele ili, alivyosema, miti ikute pamepangika. Mimi ni mtu wa mjini. Sikujua kwamba huku hakuna anayealikwa kuvuna majani. Watu wakiona yamelala chini, wanakuja. Packie aliona kupitia upande wa nne, akapiga simu. Jana mchana walishuka akina Gilrane kutoka Sligo, na binti wa Mulvey aliye likizo kutoka Australia, na watu ambao sikuwaona hata harusini. Kumi na saba. Nilichemsha ndoo mbili za viazi. Vikombe vikaisha, wakanywa chai kwa chupa za jamu, huku Fergal akiwa juu ya robota la majani makavu akicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia, nami nilidhani nimevisikia vyote.

Packie alikaa karibu nami akasema, "Bibi harusi, mwakani nijulishe mapema, nisichelewe."

Nikamwambia mwakani patakuwa na misonobari.

Aliifuta chupa yake kwa shati, polepole. "Basi nitakuja kuitazama ikikua," alisema. "Nitaleta kiti."

Wote walicheka isipokuwa Fergal.

Fomu yenu naiambatisha. Nafasi ya Fergal iko tupu. Kwenye nafasi yangu utaona duara la kahawia. Hiyo ni alama ya chupa ya Packie. Tafadhali isihesabiwe kuwa sahihi.