Pedali ya Breki na Adabu kwa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Pedali ya breki imelegea. Unakanyaga, inazama taratibu hadi chini, gari linasimama likipenda. Lina miaka ishirini na saba, lina haki ya kuchoka. Lakini Jumamosi mama mkwe, aliyekuja kukaa kwetu, anaenda kliniki ya macho, na nilishaapa mbele ya ukoo mzima kwamba nitampeleka mimi, si mkwe mwenzangu Bwana Nadhifu, anayefuta gari lake kwa kitambaa cha miwani. Mke wangu kasema niite fundi. Fundi wa nini? Mikono ninayo.

Jumanne, tarehe 5
Nimekanyaga mara tano harakaharaka. Pedali ikawa ngumu. Imepona! Nikaenda dukani kwa mbwembwe. Wakati wa kurudi nimeingia kwenye kamba ya nguo ya jirani, nikatoka na shuka zake mbili. Nimemwambia kamba yake iko chini mno.

Jumatano, tarehe 6
Jana jioni nilijaza mafuta ya breki. Leo yamepungua. Nimejaza tena. Mama mkwe, ambaye hata tundu la sindano halioni, kauliza mbona gurudumu la nyuma limelowa kwa ndani. Nimemjibu kwa upole kuwa ni umande. Ilikuwa saa nane mchana.

Alhamisi, tarehe 7
Nimegundua! Kuna upepo kwenye mabomba ya breki. Kuutoa ni kazi ya wawili: mmoja anakanyaga na kushikilia, mwingine chini anafungua skrubu, upepo unatoka, anafunga, ndipo wa juu aachie. Mke wangu kagoma. Mama mkwe kajitolea. Sasa mkweo unamwamrishaje? Nikasema, "Mama, samahani, ikikupendeza, naomba usiachie kwanza." Nilipofika kwenye "ikikupendeza" alishaachia, na upepo mpya ukaingia. Tumerudia mara kumi na moja, kwa adabu zote. Pedali sasa haipandi kabisa.

Ijumaa, tarehe 8
Mke wangu kaita fundi bila kuniuliza. Jamaa kavua gurudumu la nyuma, kaonyesha silinda inayovuja, kaweka nyingine. Kisha kamkalisha mama mkwe kwenye usukani. Kanyaga. Shika. Achia. Dakika kumi, kwisha. Mama kashuka anatabasamu, akaniambia, "Mwanangu, ungeniamrisha tu. Mimi si yai."

Jumamosi, tarehe 9
Nimempeleka mimi! Breki safi kabisa. Na kwa kuwa mama anapenda amri, sikumbania. Mama, funga mkanda. Mama, toa mkoba hapo. Mama, kaa kimya, nasikiliza injini. Tulipofika alishuka kabla sijazima injini. Kurudi, karudi na Bwana Nadhifu, tena nyumbani kwake. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, tarehe 10
Mama mkwe hajapokea simu zangu nne. Mke wangu anasema nikae nitafakari. Nimekaa, ndani ya gari. Usukani nao naona una mlegeo kidogo. Bisibisi ninayo.