Vipande Saba vya Bafta

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku sita tu, nami nitaitwa Mwalimu Dzoro. Nimeliandika jina hilo mara nne nyuma ya karatasi ya kufungia mizigo. Lapendeza! Marehemu baba alisomesha watoto wadogo Kaloleni miaka thelathini, na hata leo anayemtaja humtaja kwa neno hilo moja. Mimi nina miaka thelathini na minne, na kumi na mmoja kati yake nimekunja vitambaa. Hakuna anayeitwa Mkunjaji.

Bi Akila, anayetufundisha yoga, ametoa masharti ya mtihani. Kila mmoja wetu alete watu saba ambao hawajawahi kufanya yoga, awafundishe saa nzima kwenye ukumbi wake ghorofani, Mji wa Kale, na wote saba wabaki mpaka mwisho. Akitoka mmoja, hakuna cheti. Tandiko la kulalia, kila mtu na lake, tulilete sisi wenyewe. Wanawake watafundisha wanawake Jumamosi, wanaume wanaume Jumapili. Bi Akila alikuwa nesi. Ana miaka sitini na mitano na husimama kwa kichwa huku akikukosoa. Namstahi sana. Namwogopa pia.

Mbeyu keshapata watu wake saba! Sisi wawili twafanya kazi duka moja, Biashara Street, kwa Mzee Adamji. Yeye yuko upande wa leso, mimi vitambaa vya mita. Mafunzo tulianza siku moja, miezi tisa iliyopita. Sitaki kusema mengi juu yake, ila ana sauti ambayo akikwambia pumua, washangaa ulikuwa ukifanya nini siku zote.

Watu wangu mimi: sifuri.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemchungulia Mzee Adamji leo tena. Ana miaka sabini na minne. Hukunja miguu juu ya kigodoro chake nyuma ya kaunta tangu asubuhi hadi adhuhuri, mgongo wima, kofia yake ya nakshi za dhahabu haitikisiki. Kisha, akitaka kwenda kuswali, huinuka. Huinuka tu! Mikono haigusi chini! Mimi, baada ya miezi tisa ya mafunzo, bado nainuka kwa mikono miwili, goti moja na ukuta. Na yeye hajui hata kwamba analofanya lina jina.

Hajui vilevile kwamba nasomea ualimu wa yoga. Nilimwambia Jumapili niko kwaya. Leo kaniuliza kwaya yaendeleaje, akaniomba nimwimbie kidogo. Nikasema koo linauma. Akatuma niletewe tangawizi. Mtu mwema kupita kiasi. Yaumiza kumdanganya.

Nilijaribu kuwaalika wateja. Mmoja alitaka kujua ikiwa yoga ni kitambaa cha mapazia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata wazo kubwa! Nakaa Likoni, kwa hiyo kila siku niko Feri. Pale wamesimama watu mia tatu, mia nne, hawana kazi ila kungoja. Watu saba ni nini mbele ya mia nne? Asubuhi nilipanda juu ya kreti ya soda, nikawasalimu, nikawaambia wanyooshe mikono juu na wavute pumzi. Mwanzo walinitazama tu. Kisha mama mmoja mwenye kapu akanyoosha. Kisha kumi. Kisha arobaini! Arobaini, mikono juu, macho yamefumbwa! Kifua changu kilijaa. Nilimwona baba waziwazi, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Feri ikatia nanga. Geti likafunguliwa.

Sijui nielezeje. Kreti ilienda upande wake na mimi upande wangu. Nilipoinuka alibaki mtu mmoja tu, mikono juu, macho bado yamefumbwa. Nilimsogelea kwa shukrani. Kumbe alikuwa akisali, na akanikaripia kwa kumkatiza.

Dukani nimefika na kiatu kimoja. Mbeyu hakucheka. Alinitafutia sindano na uzi wa kushona suruali, akaenda nyuma ya marobota ya leso, na huko nilimsikia akicheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Watu saba! Wote saba! Nilikuwa nikiwatafuta mbali na wako mlangoni. Muhdhar muuza kahawa, ambaye huweka birika yake mbele ya duka letu. Levi na wenzake wanne, mahamali wanaotubebea marobota. Na bawabu wa duka la pili. Niliwaahidi mahamri na mbaazi baada ya darasa, kila mtu sahani yake. Muhdhar aliuliza mara tatu kama mbaazi ni za nazi. Nikaapa.

Nimejiandaa kikamilifu, kwa maana mimi si mtu wa kukurupuka. Kuna mkao ambao kwa kawaida huitwa mbwa. Watu wa Mji wa Kale utawaambia wawe mbwa? Watakuuliza nani kakufunza adabu. Nimemgeuza mbwa kuwa mbuzi. Nimewakumbusha pia wavae kaptula ndani ya kikoi, maana kuna wakati miguu huwa juu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mbeyu kafaulu. Nilikaa kwenye ngazi nje ya mlango, nikasikia kila kitu. Kwanza vicheko, kisha pumzi, kisha kimya kizuri mpaka nami nikasinzia na kugonga kichwa. Wanawake wake walitoka nyuso zimelainika, wakimwita mwalimu. Nilihisi wivu kama jino bovu. Lakini nitaandika kweli, maana hapa hanisomi mtu: ni fundi. Hata matandiko yake. Alimtandikia kila mmoja leso, na kila leso aliichagua kwa neno lake. Mjane alilalia ya subira. Bibi harusi mtarajiwa alilalia ya heri. Mwenye ugomvi na wifi yake alilalia ya kusamehe, na inasemekana alilia.

Mimi sitathubutu leso. Leso husema, na mimi sina muda wa kusoma. Mpe mtu neno lisilo lake, amekununia miaka saba. Nataka kitambaa kisichosema kitu. Cheupe. Safi.

Tena tuna bafta! Mzee hutaka ikae tayari kwenye rafu ya chini, imeshakatwa, kwa sababu wanunuzi wake hawawezi kungoja. Urefu wa mtu mzima na ziada kidogo. Utasema ilikatwa kwa ajili ya yoga! Na wanunuzi wenyewe ni watulivu ajabu: huja asubuhi, wawili watatu, hawapatani bei, hawapigi kelele. Najua wanaipeleka wapi. Lakini kitambaa hakijui kinakwenda wapi. Nimetia vipande saba mkobani wakati wa kufunga duka. Jumatatu vitarudi vimekunjwa, na kwa kukunja sina mpinzani.

Pigo: bawabu kajitoa. Goti. Nimebaki na sita! Nilimlalamikia Mbeyu mpaka Feri. Akaniambia nitulie, atamtafuta wa saba.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike upesi kabla sijasahau hata neno.

Nilifika mapema. Nikatandika vipande saba kwa safu moja, nikafukiza ubani, nikanyunyiza marashi kila pembe. Ukumbi ulikuwa mweupe na wenye kunukia. Bi Akila aliingia na daftari lake, akasimama mlangoni muda mrefu. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kabisa.

Wakaingia sita, na vikoi vyao. Nyuma yao Mbeyu. Na nyuma ya Mbeyu, mtu wa saba: Mzee Adamji.

Alinitazama. Akatazama chini, kitambaa chake, safu nzima. Akasema kumbe hii ndiyo kwaya. Akavua viatu, akaenda kwenye kipande cha mwisho, akakunja miguu, akakaa. Basi!

Dakika hamsini zilikwenda vizuri. Naapa! Mbuzi walikuwa mbuzi. Kikoi kimoja tu kilifunguka, na kaptula ilikuwepo. Mahamali wale wana migongo ambayo mwalimu hulia kwa kuitazama, miaka ya kubeba imewanyoosha badala ya kuwavunja. Nilikuwa nimebakiza dakika kumi, mapumziko ya mwisho. Nikatumia sauti yangu ya chini kabisa, ya kumwiga Mbeyu. Nikawaambia walale chali, wafumbe macho, kisha, kama nilivyosoma kitabuni, wawe maiti.

Halafu nikasikia Muhdhar akivuta pumzi, na haikuwa pumzi niliyomfundisha.

"Hebu ngoja. Hii si sanda hii?"

Mwenzake mmoja akajibu kwamba ndiyo, anaijua, alinunua kama hii mwezi wa sita alipofiwa na ami yake, na aliyemkatia ni mimi. Ubani nao ukawa umezidi kufuka. Wote sita waliruka kwa pamoja! Levi alifika mlangoni na viatu mkononi, na huyo ni Mkristo. Muhdhar alinisomea kwamba watu hawachezi na mambo haya, kwamba mahamri ya mtu anayekulaza sandani mchana kweupe ni ya kuogopwa. Miezi tisa ilikuwa inateremka ngazi mbele ya macho yangu.

Ndipo tukasikia sauti nyuma.

"Yafaa," alisema Mzee Adamji.

Alikuwa bado amelala. Chali, macho yamefumbwa, mikono imetulia kando. Alisema ameuza bafta hii miaka hamsini, ameikunjua mbele ya nusu ya watu wa mji huu, na hajawahi hata siku moja kuilalia. Alikuwa akijiuliza ikoje. Sasa ameona. Ni laini, wala hapana la kuogopa. Akawaambia kila mmoja wetu kipande chake kipo rafuni, basi acheni tupumzike kidogo juu yake maadamu twaweza kuinuka.

Muhdhar alirudi wa kwanza. Kisha mahamali, mmoja mmoja, Levi wa mwisho, kipaji cha uso kimelowa jasho. Walilala. Nami nilisimama pale sina hata neno la kuwapa, mpaka Mbeyu aliponinong'oneza kutoka nyuma niwaambie wametoka kula pilau ya harusi. Nikasema hivyo. Mtu mmoja akacheka tumboni. Mabega yakashuka. Dakika ya tatu Muhdhar alikuwa akikoroma.

Saa ilipotimia Mzee Adamji aliinuka. Mikono haikugusa chini. Watu wote walimtazama, na Bi Akila aliacha kuandika. Sijaona kitu kizuri kuliko hicho mwaka huu, na sioni haya kusema machozi yalinitoka.

Wamebaki wote saba! Lakini Bi Akila alifunga daftari. Aliniambia kwa upole, na upole wake wauma kuliko ukali, kwamba waliorudi walirudishwa na Mzee, na waliolala walilazwa na maneno ya Mbeyu. Changu mimi kilikuwa kitambaa tu. Nirudie mwezi ujao.

Mahamri yaliisha yote. Mbaazi zilikuwa za nazi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikwenda kazini nikijua nafukuzwa. Mzee Adamji alikuwa kigodoroni. Aliniuliza vipande viko wapi. Nikavitoa, vimefuliwa, vimepigwa pasi, vimekunjwa. Akavikagua. Akasema sita nivigawe kwa msikiti wowote wenye haja, na nikitaka kitu siku nyingine niombe kwa mdomo, kwa kuwa nilipewa mmoja.

Cha saba alikiweka kando. Kile alicholalia mwenyewe. Akaniagiza niandike jina lake kwenye karatasi, nikibandikie, kikae rafu ya chini kabisa, kisiuzwe. Alisema amekwisha kukipima. Kisha akaagiza chai.

Niliandika "Adamji" kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Nampenda mzee huyu. Nimeapa kuanzia leo sitafanya jambo bila kufikiri mara mbili.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefikiri mara mbili.

Bi Akila alisema changu kilikuwa kitambaa. Kadiri ninavyolirudia neno hilo, ndivyo ninavyoona ni sifa. Wazo la kitambaa lilikuwa langu peke yangu! Kilichokosewa ni rangi. Nyeupe huwatisha watu, basi.

Tuna jora la kijani rafu ya juu, zito, linang'aa, rangi ya utulivu kabisa. Nimemwomba Mzee kwa mdomo, kama alivyoagiza, mita kumi na nne. Alinitazama, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakawa yanatikisika. Nadhani ni kikohozi. Mbeyu kaniuliza kama najua jora lile watu hulinunulia nini. Nikamjibu najua sana, mimi si mjinga: hufunikia jeneza.

Lakini jeneza hufunikwa kwa juu. Mimi nitatandika chini. Ni tofauti kabisa!