Elimu Yangu Nimeiweka Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Machi

Nashukuru Mungu, nimeamka na mgongo wangu wote. Jana nilidhani kipande kimebaki kazini. Huu ni mwaka wa tatu nabeba saruji kwenye jengo hili, na sasa naona kila mfuko unanijua kwa sura.

Leo habari kubwa! Injinia ametukusanya mbele ya ofisi ya mabati. Anahitaji msaidizi wa msimamizi, na hataki kumleta mtu kutoka nje. Atakayefaulu mtihani wa cheti cha usimamizi wa miradi ndiye atakayekamata nafasi. Kampuni inagharamia mtihani. Msaidizi anapewa chumba chenye mlango wake na kibali cha kuleta familia.

Hapo kwenye familia masikio yakanisimama. Mke wangu na binti yetu niliwaacha nyumbani, mbali sana, mtoto akiwa bado anatambaa. Siku hizi anaongea. Ananiita "baba wa kwenye simu".

Tumejitokeza wawili: mimi na fundi rangi, tunayemwita Brashi. Injinia akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia mpaka pale shule ilipoishia kwa upande wangu. Watu wakacheka, na yeye pia akacheka, akaandika jina langu hivyo hivyo. Mungu ambariki.

Nimekabidhiwa kitabu. Kizito! Nimekiweka begani bila kufikiri, nikakipeleka mpaka chumbani.

Jumatano, 5 Machi

Kitabu kinasema mradi una hatua tano: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kufunga. Mpaka hapo hatujagombana. Kisha yanakuja maeneo kumi ya kusimamia: upeo, ratiba, gharama, ubora, wadau na ndugu zao wengine. Nikifika kwa ndugu wa mwisho, wa kwanza ameshatoka kwa mlango wa nyuma.

Nikabuni mbinu. Nilikata boksi la vigae vipande vidogo, nikaandika neno moja kila kipande, nikavipanga ndani ya helmeti. Hesabu yangu ilikuwa hii: elimu ikae karibu na kichwa, joto liisukume ndani.

Saa sita mchana Injinia akanisimamisha kwenye ngazi. Akanitazama paji la uso muda mrefu. Akauliza tangu lini tunapigwa mihuri kama nyama ya buchani. Nikakimbilia kioo cha chooni. Jasho limehamisha wino! Neno "wadau" liko juu ya nyusi zangu, na kwenye kioo linasomeka vizuri kabisa.

Limegoma kutoka kwa sabuni. Si neno, hilo moja nimelishika. Bado tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi umeme anayelala kitanda cha juu yangu ameniokoa. Alisikia redioni kwamba watu wenye kumbukumbu kali hujenga nyumba akilini. Kila chumba wanaweka jambo moja. Wakitaka kukumbuka, wanatembea ndani ya nyumba wakiyaokota.

Nilicheka mpaka kitanda kikalia. Wasomi wazima wanahangaika na nyumba ya kufikirika! Mimi ninayo ya kweli, ghorofa tatu, nimeipandisha kwa bega langu mfuko baada ya mfuko!

Leo nimezunguka nikigawa vyumba. Upeo, yaani kazi inaanzia wapi na inaishia wapi, nimeuweka getini. Ratiba kwenye ngazi, hatua kwa hatua. Gharama kwenye shimo la lifti, maana nalo halina mwisho. Mawasiliano chooni, kwa sababu habari zote za hapa kazini zinaanzia kule. Ubora nimeuegemeza kwenye ukuta wa ghorofa ya pili, ule niliopiga lipu mwenyewe, unaong'aa kama kipara cha mchungaji. Nyuma ya ukuta huo nikaweka vihatarishi, yaani yote yanayoweza kwenda mrama. Na wengine hivyo hivyo, kila mtu na chumba chake.

Jioni nikampigia mke wangu. Akaniuliza maswali, nikafumba macho, nikatembea. Nikayataja yote kumi bila kujikwaa!  Mke wangu akauliza huku kuna baridi kiasi gani, maana mtoto hana sweta ya maana. Nikajua ameanza kufunga mizigo.

Nashukuru kupata mke anayeniamini haraka hivi. Ningekuwa yeye, ningesubiri kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Maafa!

Mwenye jengo amekuja na wageni wake, akapiga makofi kwenye ghorofa ya pili kusikiliza mwangwi, akaamua anataka ukumbi mmoja badala ya vyumba viwili. Ukuta ubomolewe leo leo. Ukuta wangu! Ubora upande huu, vihatarishi upande ule!

Nikashuka mbio kwa Injinia. Nikamwambia ukuta ule usiguswe. Akataka sababu ya kitaalamu. Nikaona bora niseme ukweli: nimeweka masomo yangu mle. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nikawa bado nipo.

Alitazama pembeni, mabega yakimtikisika. Kisha akasema kwa upole, "Haya, ndugu yangu. Una mpaka saa ya chakula. Hamisha vitu vyako."

Bosi wa namna hii utampata wapi?

Nikaanza na ubora. Niliuinua kwa magoti, si kwa mgongo, nikapanda nao mpaka stoo ya ghorofa ya tatu. Mikono mitupu, ndiyo, lakini jasho lilinitoka la kweli. Wabomoaji wakanipisha na nyundo zao. Mmoja akasema, "Pole na mzigo, mwanafunzi." Nikamjibu nimeshapoa.

Vihatarishi vilinishinda. Ni vingi, na vina kona. Nikiwa nimesimama navyo mlangoni nikihema, Brashi akaweka rola yake chini, akaja akashika upande wa pili. Hakuuliza ni nini. Tulipofika penye kona ya ngazi akaniambia, "Inamisha kidogo kwako, tutagonga." Nikainamisha. Mtu mwema, ingawa ni adui.

Baadaye nikaingiwa na wasiwasi. Kama ukuta huu umeondoka, kesho je? Nikazunguka jengo zima, nikakusanya vyote vilivyobaki, nikavirundika stoo. Huko hakuna mtu atakayebomoa kitu.

Jioni mke wangu akauliza kuhusu gharama. Nikavuta gharama, wakaja wadau. Nikavuta ratiba, ikaja na mawasiliano yamening'inia nyuma. Mke wangu akanisahihisha yote kwa mpangilio, bila kitabu, huku nasikia anafua. Amekariri kwa kuniuliza tu! Nikamwambia asijione, yeye nyumba yake haijabomolewa.

Jumatatu, 17 Machi

Mtihani ni Jumamosi. Leo nimefanya upelelezi.

Brashi lazima ana mbinu. Nilijificha nyuma ya rundo la milango wakati wa chakula. Nikamwona anasoma ukurasa, anafunga kitabu, anaongea na ukuta. Nikajua nimemkamata! Nikatoka, nikamwambia aseme siri yake, sisi ni ndugu wa jasho moja.

Akasema hana siri. Anasoma ukurasa, anafunga kitabu, anajaribu kujielezea kwa maneno yake alichoelewa. Akishindwa, anarudia. Nikauliza, halafu? Akasema, halafu anageuza ukurasa. Nikauliza, basi? Akasema basi.

Anaficha kitu huyu.

Akaniomba tusome pamoja saa za chakula, akisema ukimweleza mtu unashika zaidi. Nikamshukuru kwa moyo wote na kukataa. Mtu asiye na mbinu atanivuruga. Kwa huruma nikamweleza mbinu yangu ya nyumba. Akasikiliza mpaka mwisho, brashi ikidondosha rangi juu ya kiatu chake. Akasema, "Kaka, wewe una akili nyingi sana. Shida ni pa kuziweka."

Sifa kama hiyo kutoka kwa mpinzani! Nimeshinda nayo mchana kutwa kichwani.

Jumamosi, 22 Machi

Tumefanya mtihani.

Injinia ametupeleka kwa gari lake mwenyewe, akatununulia maji, akatuambia tusiwe na hofu. Chumba kimejaa kompyuta. Msimamizi wa mtihani ni mama mmoja mwenye viatu visivyotoa sauti. Unamwona tu amefika.

Nikafumba macho. Nikaingia getini, nikapanda ngazi, nikapita penye ukuta uliobomolewa, nikatoa pole, nikaendelea mpaka ghorofa ya tatu. Nikafika stoo. Kufuli!

Jana, Ijumaa, mtunza stoo aliweka kufuli jipya. Niliona kwa macho yangu akilifunga na kuondoka na ufunguo. Sikujua kwamba amefunga na huku ndani ya kichwa changu! Nikatikisa mlango. Wapi! Nikachungulia tundu la kufuli, nikaona ncha ya ratiba na kitu kinachofanana na wadau. Nikaamua kumsubiri aje.

Mama wa viatu akanigusa bega. Akaninong'oneza, akiuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, mama, nasubiri ufunguo. Akanitazama kwa huruma, akaniletea maji. Watu ni wema kila mahali.

Kumbe maswali yenyewe hayakutaka majina! Nilitazama kioo cha kompyuta nikaona yote yanauliza ukikutwa na hili utafanya nini. Moja likasema: mteja anataka ukuta uondolewe kazi ikiwa katikati, utafanya nini kwanza? Moyo ukaruka! Hili nimeliishi! Jibu la kwanza lilisema upime badiliko hilo litaathiri nini, kisha lipitishwe na wahusika. La tatu lilisema umkatalie. Nikabonyeza la tatu kwa nguvu mpaka watu wakageuka.

Matokeo yanatoka papo hapo. Brashi amefaulu. Mimi sijafaulu.

 Kwenye gari Brashi alinipisha kiti cha mbele.

Jumapili, 23 Machi

Nilizunguka na simu mkononi tangu asubuhi kama mtu aliyeshika kaa la moto. Mchana nikapiga.

Nikamwambia mke wangu nimefeli. Nikamwambia chumba chenye mlango amekipata fundi rangi, ambaye hana hata mchumba.  Nikasikia mtoto anauliza kama ni baba wa kwenye simu. Hapo nikajifanya mtandao unasumbua.

Mke wangu akauliza mtihani unarudiwa? Nikasema ndiyo, mwezi wa saba. Injinia amesema kampuni itanigharamia mara moja zaidi, na kampuni inaanza jengo jipya, nalo litahitaji msaidizi wake.

Akasema, "Basi mizigo sifungui. Ikae hivyo hivyo imefungwa."

Nikamuuliza watavaa nini mpaka mwezi wa saba. Akasema hilo si eneo langu la kusimamia.

Nikacheka, kisha nikafuta macho kwa kofia. Nashukuru. Sijui nimefanya nini kizuri duniani mpaka nikapewa huyu.

Jumamosi, 5 Aprili

Brashi ni msaidizi wa msimamizi rasmi. Ana helmeti nyeupe. Haijachafuka hata kidogo, nami nimekwisha kumsamehe.

Jambo lake la kwanza kwenye cheo: amenitoa kwenye saruji! Amewaambia mgongo wangu umefanya kazi ya watu wawili, upumzike. Amenipeleka kwenye kiwanja cha jengo jipya, ambako kumechimbwa shimo kubwa la msingi. Kazi yangu ni kuangalia watu wasianguke. Nimepewa na kiti! Nimekaa, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru Brashi, nikakishukuru na kiti.

Akaniambia pia kila siku saa ya chakula atakuja tusome pamoja, ukurasa kwa ukurasa, polepole, mpaka mwezi wa saba. Alisema anataka kumwona mtoto wangu akikimbia huku kwetu. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili.

Alipoondoka nikajisemea nisimsumbue mtu mwenye cheo. Safari hii sihitaji msaada. Nimekaa hapa nimelitazama shimo hili tangu asubuhi, na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa jengo! Jengo lina kuta, zinabomolewa. Lina milango, inafungwa. Shimo halina hata kimoja. Lina kona nne safi na udongo uliotulia. Mchana nimeshuka na kitabu, nikaweka upeo kona ya kwanza na ratiba kona ya pili. Vimekaa vizuri ajabu.

Jioni Brashi amepita kunijulisha kwamba magari ya zege yanakuja Jumanne. Nimemshukuru sana kwa taarifa. Mpaka Jumanne nitakuwa nimeshaweka vyote kumi.